Wimbo Uliopigwa Nikicheza Sataranji

"Wimbo uliokuwa ukipigwa ni upi?"

Nakumbuka Jumapili moja niliulizwa swali hilo Kawangware. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Nywele zangu bado nyeusi, ila wewe ndio kwanza unaingia chuo na mimi nilishatoka.

Aliyeniuliza ni Cucu Nyambura, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga karibu na Riruta Satellite. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na sote tulimwita hivyo, hata sisi tuliotoka Kianda, huko Kibera, na asili yetu ni Waluo wa ziwani. Ujanani alikuwa kipa wa hoki. Uzeeni alitufundisha netiboli, akachora twiga wa zambarau kwenye kuta za ploti yake, na chumba cha mbele, ambacho kila fundi wa simu alikitamani, akawaachia vijana wa Gatwekera, jirani zetu wa Kibera, waliopiga benga, muziki wa gitaa wa kwetu ziwani. Baada ya kanisa walipiga gitaa uani huku sisi tukicheza sataranji. Unajua desturi ya benga: mwimbaji humtaja mfadhili wake kwa jina, akamsifu yeye na kwao. Cucu alipenda kutajwa, wala hakulificha hilo.

Mimi nilikuwa chuoni, nikibishana na kila mtu, kasisi akiwemo. Nilitaka kuingia timu ya sataranji ya chuo, kwa hiyo nikaamua kuacha netiboli na uchoraji, na ua wa Cucu pia. Nikaenda kumwambia.

"Cucu, mshika mbili moja humponyoka."

"Na aliyeshika moja tu, ule mkono mwingine ni wa nini? Wa kujikuna?"

Ua mzima ukacheka. Okello, mpiga gitaa, akadakia, "Akinyi, umechapwa hata kete hazijapangwa!"

Nikakasirika. Nikaweka sharti: nikimshinda, aniache niende zangu, akinishinda, ninabaki.

"Sawa, msomi. Panga kete."

Nilizama. Wakati fulani watu walicheka na kupiga makofi, nikadhani wanacheka jinsi nilivyomsogeza farasi wangu, nikainama zaidi. Jua lilipogeuka, mfalme wa Cucu hakuwa na pa kwenda.

Akanipa mkono. "Umenishinda vizuri. Uko huru." Kisha, kama anayeuliza bei ya sukuma wiki sokoni, akaniuliza swali lile.

Gitaa lilikuwa nyuma ya sikio langu mchana kutwa. Sikujua.

"Cucu, sikuja kusikiliza."

"Nimeona," akasema, akaenda kuwamiminia wanamuziki chai.

Nilikuwa huru, lakini Jumapili iliyofuata nilirudi. Hoja ya kurudi sikuwa nayo, na mtu kama mimi kukosa hoja ni jambo zito. Timu ya chuo niliingia hata hivyo, vidole vikiwa na rangi. Cucu bado yupo, na siku hizi ananishinda kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwanangu, sikuambii uwe kila kitu. Nimewaona waliojaribu, wakachoka. Wala sikuambii uamini methali kwa sababu ni ya zamani. Ihoji, kama Cucu alivyoihoji yangu. Ninachokusihi ni hiki: unachokipenda kishike kwa nguvu, lakini usikiinamie hadi usisikie waliokuzunguka. Mungu akupe ushindi mwingi, na kila ukishinda akuachie sikio moja wazi.

Swali lile nilijibiwa miaka mingi baadaye, Okello aliponisikilizisha wimbo aliourekodi kwa simu mchana ule. Makofi yale yamo, na kicheko kile. Cucu alikuwa amewaomba wanamuziki, siku hiyo moja tu, wasilitaje jina lake. Jina waliloimba ni langu: Akinyi, binti wa Kianda, mwenye mikono miwili.