Jaribio la Kunyamaza

Nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Nimelelewa Eldoret, na niliporudi Juba nikiwa mwanamke mzima, kwenye nchi ambayo wazazi wangu walikuwa wakinisimulia tu, nilikuja na mdomo wangu wote. Nagombana na muuza nyanya, nagombana na fundi wa jenereta, nagombana na kompyuta. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini siku ile moja nilikaa kimya, sina la kumjibu ila kwamba nilidhani tumeshasema yote. Najuta mpaka leo.

Tulikuwa watatu katika ofisi ya vyumba viwili mtaani Kator, karibu na kanisa kuu kiasi kwamba kengele ikilia lazima usimamishe mazungumzo ya simu. Mudir, kama kila mtu Juba anavyomwita mkuu wake, alikuwa na chumba chake. Cha pili kilikuwa chetu: mimi na jamaa mmoja wa Arua, Uganda, aliyekuja Juba kuuza vipuri vya simu akaishia kuwa mwandishi hodari wa programu. Alikuwa mtu wa utani, hajaoa, na Kiswahili chake kilinichekesha, maana kwake kila kitu "iko". Yeye naye alisema Kiswahili changu kinatisha watu kama askari wa forodha.

Tulitengeneza programu ya kupima mizigo pale uwanja wa ndege. Mzigo unawekwa kwenye mizani, programu inasoma uzito, inachapa lebo, halafu inajumlisha kila kilichopakiwa ili rubani ajue amebeba nini kabla ya kuruka. Ni kazi isiyotaka mzaha.

Sasa, watu wawili wakiandika programu moja, kila mmoja huwa na nakala yake kwenye kompyuta yake. Ipo programu nyingine, ya kutunza matoleo, ambayo hukumbuka nani alibadilisha nini, kisha huziunganisha nakala hizo ziwe moja. Mkiwa mmegusa sehemu tofauti, huunganisha yenyewe bila neno. Mkiwa mmegusa mstari mmoja, husimama na kutangaza mgongano: huyu anasema hivi, yule anasema vile, amueni. Mwenzangu aliiita shughuli hiyo ndoa. Ikipita alisema, "Ndoa imekubali." Ikigoma alinitazama mimi kwanza, na mara nyingi hakukosea.

Mwanzoni tuligongana karibu kila siku. Mafuta ya jenereta yalikuwa haba, mtandao ulikuja ukipenda, kwa hiyo kila mtu aliandika peke yake mpaka chai ya saa nne, ndipo tuunganishe. Siku moja alibadilisha kitu bila kunieleza nikamfokea mpaka mama wa chai pale langoni akainuka kitini. Kesho yake mwenzangu alinijia na vikombe viwili, akakaa, akainamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya padri. Akasema anaungama: amegusa mizani, amegusa lebo, na lebo hatubii. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Tangu siku hiyo hatukuunganisha kazi kabla ya kuungama. Tulikaa kwenye viti vya plastiki langoni, kila mmoja akataja alichogusa na sababu yake, tukabishana kidogo, tukarudi ndani. Wala hatukuona kwamba hiyo nayo ni kazi. Kwetu ilikuwa chai tu.

Halafu mama yake akaanguka kule Arua. Kiharusi kikampooza upande wa kulia na kumvuruga kumbukumbu. Alikuwa na watoto wawili tu, mwenzangu na dada yake, na dada huyo alikuwa ameolewa Koboko, ana wachanga wake, anakwenda na kurudi mpaka mumewe akaanza kununa. Mtu wa kukaa na yule mama alikuwa mwanawe. Lakini mshahara wa Juba ndio ulionunua dawa zake, na Arua hakukuwa na kazi ya kumlipa hata nusu ya ule.

Alikwenda kwa mudir akaomba afanyie kazi nyumbani kwao. Mudir hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, akasema sawa, lakini kwanza tumhakikishie kwamba ile programu ya matoleo inaweza kuunganisha kazi ya watu wasioonana, hata migongano ile migumu. Tuijaribu wiki nzima. Ikifaulu, aende Arua na mshahara wake. Ikishindwa, ndege si kitu cha kubahatisha. Jioni hiyohiyo mwenzangu akampigia mama yake akamwambia yuko njiani.

Tulilichukua jambo hilo kwa uzito, tena kupita kiasi. Tulisema jaribio la kweli ni kuishi kana kwamba ameshaondoka. Akahamishia meza yake barazani, mgongo kwangu, na tukaapa kutozungumza habari za kazi hata neno moja. Nikimpungia mkono twende chai alinijibu bila kugeuka, "Mimi iko Arua." Alikunywa chai yake kule barazani, mimi langoni. Mama wa chai akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba kama tumekosana. Nikamwambia la, tunafanya majaribio. Akaniongezea tangawizi, nadhani kwa huruma.

Na mashine ilifanya vizuri, siwezi kuisingizia. Tuliitegea kila mtego tulioujua. Tuligusa mstari mmoja sote wawili, ikasimama ikatuonyesha. Yeye akabadilisha jina la faili wakati mimi nalihariri kwa jina la zamani, nayo ikalifuata faili mpaka kwenye jina jipya na kuweka maneno yangu mahali pake. Nilipiga makofi peke yangu. Nikafuta kipande ambacho yeye alikuwa anakirekebisha, ikakataa kuamua, ikatuuliza. Kila jioni nilimwona akimpigia mama yake simu huku akitabasamu. Yule mama alikuwa amesahau mengi, lakini hili la mwanawe kuwa njiani halikumtoka. Kila akipigiwa aliuliza amefika wapi. Mwenzangu alimjibu Nimule, pale mpakani. Siku nyingine alimjibu Gulu.

Siku ya mwisho hatukutega kitu. Tuliunganisha kazi yetu ya kawaida tu ya wiki ile, nayo ikapita bila mgongano hata mmoja. Akapaza sauti kutoka barazani kwamba ndoa imekubali, akaja ndani akicheza. Tulikuwa na mizani ndogo ofisini na paleti kuukuu, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, tulilopewa uwanjani. Nikaiweka paleti juu ya mizani ikiwa tupu. Programu ilipaswa kusoma sifuri, maana paleti haihesabiwi kuwa mzigo. Ikasoma chini ya sifuri.

Tukacheka kwanza. Paleti nyepesi kuliko hewa, jamani! Kisha tukaacha kucheka, tukafungua msimbo wa programu.

Bwana wa mizigo pale uwanjani alikuwa amelalamika kwamba uzito wa paleti unahesabiwa kama mzigo. Alizoea kumpigia yeyote kati yetu, na safari hii alitupigia sote wawili, kila mtu kwa wakati wake. Mwenzangu akaenda kwenye faili linalosoma mizani, akaondoa uzito wa paleti. Mimi nikaenda kwenye faili la lebo, nikauondoa tena. Mafaili mawili tofauti, mistari tofauti, hakuna aliyemgusa mwenzake. Mashine haikuona ugomvi wowote ikaunganisha vizuri kabisa, na kila mzigo sasa ungepanda ndege ukiwa mzito kuliko ulivyoandikwa.

Nilimwambia tuliache hilo. Nilisema halikuwa mtego, ni bahati mbaya, tumpe mudir matokeo ya mitego. Nilisema hivyo kwa sababu niliona uso wake. Yeye akaendelea kuitazama mizani.

"Andika," akaniambia. "Usipunguze kitu. Ndani ya ndege iko mama za watu."

Nikaandika yote. Mudir alituita, akasoma polepole, akavua miwani. Alikiri kwamba mashine imefanya mengi mazuri. Kisha akauliza, "Kosa kama hili la paleti, mashine haikuliona. Sasa nani ataliona, mmoja wenu akiwa Arua?"

Hilo swali lilikuwa na jibu. Tulikuwa tumelinywa kila siku saa nne kwa zaidi ya mwaka mzima. Laiti tungekaa kwenye vile viti vya plastiki asubuhi ile, mwenzangu angesema ameondoa paleti kwenye mizani, mimi ningesema hata mimi nimeiondoa, tungecheka, mmoja wetu angerudi kufuta yake. Na maneno hayo hayahitaji viti. Simu zilikuwa mifukoni mwetu sote wawili! Lakini tulikuwa tumeitoa chai nje ya jaribio kwa mikono yetu wenyewe, tukidhani tunakuwa wakali na waaminifu, kisha tukaamini kwamba kilichoshindwa ni umbali. Mudir alitazama huku na huku akingoja. Mwenzangu akatazama sakafu. Nami, mgomvi wa muuza nyanya, nikakosa la kusema.

Mudir akasema basi, abaki Juba mpaka tuone njia nyingine. Mwenzangu akarudisha meza yake ndani. Kesho yake saa nne akaleta vikombe viwili kama zamani, akaungama alichogusa, nami nikaungama changu, na bado hakuna aliyefumbuka macho. Ukiwa umezoea kitu hukioni, hata kikikaa mbele yako kikifuka mvuke.

Miezi ikapita hivyo. Alituma pesa, dada yake akatoka Koboko akaenda, akarudi, akaenda. Mara mbili mwenzangu aliomba ruhusa akapanda basi akakaa Arua siku chache, na kila akirudi alikuwa amekonda. Nilijua anaumia. Nilimletea chapati kutoka nyumbani, nikampunguzia kazi, nikamfokea kidogo kuliko kawaida. Vyote hivyo vilikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mama yake akafariki alfajiri. Dada yake ndiye aliyekuwepo. Mwenzangu alipata habari akiwa anafungua ofisi, akanikabidhi funguo, akaenda kutafuta basi.

Alizika, akabaki matangani. Katikati ya siku hizo uwanja wa ndege ukabadilishiwa mizani, mipya, na programu yetu ikagoma kuisoma. Sikutaka kumpigia, naapa. Yeye ndiye aliyenipigia, nadhani alisikia kwa yule bwana wa mizigo. Nikamwambia apumzike, aomboleze. Akasema wageni wamejaa uani, kila mmoja anamshika mkono, na mikono yake imechoka kushikwa, nimpe kitu afanye.

Tukagawana kazi. Yeye Arua, mimi Kator. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Nikaipokea nikiwa langoni na kikombe mkononi, yeye akaanza tu kwa mazoea: nimegusa hiki, nimegusa kile. Nikamwambia nami nimegusa hichohicho, nafuta changu. Tukaunganisha. Ikapita. Kesho yake tena. Mara moja mashine ikatangaza mgongano, tukauamua simuni huku nikisikia wanawake wakiimba nyuma yake. Mara nyingine haikutangaza kitu, lakini yeye katika kuungama akataja jambo, nikashtuka, tukalinasa kosa ambalo lingetupita kama lile la paleti. Kufikia mwisho wa wiki mizani mipya ilikuwa inasoma kila kilo sawasawa.

Siku ile ya mwisho tulipomaliza hakukata simu. Nikamsikia anapumua. Nilijua anachofikiri kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshakifikia.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.

Nikamwambia pole. Nilisema pole, pole, mpaka neno lenyewe likapoteza maana. Yeye hakunilaumu, na afadhali angenilaumu, maana matusi nayajua namna ya kuyapokea.

Nikaingia kwa mudir, na safari hii mdomo wangu ulifanya kazi. Nilimweleza kila kitu: chai, simu, jinsi tulivyojinyamazisha wenyewe kisha tukaihukumu mashine, na kwamba wiki hii mtu amefanya kazi kutoka nyumba ya msiba na hakuna kilichoharibika. Sauti ilinipanda. Mudir alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Akasema nimpigie sasa hivi nimwambie ruhusa imetoka, anaweza kukaa Arua muda wowote anaotaka, mshahara uleule.

Nikampigia. Nyuma yake palikuwa kimya, wageni walikuwa wameshatawanyika na dada yake amerudi Koboko. Nikamweleza ruhusa kama nilivyotumwa, haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba.

"Nikae na nani, dada?" akaniuliza.

Jumatatu akapanda basi, akarudi Juba.