Waya wa Haji Bayumi

Tangu Esmat apooze mkono, mumewe Wagdi, karani mstaafu wa posta, ndiye anayefua na kuanika nguo kwenye roshani yao ya ghorofa ya kwanza, mjini Tanta. Binti yao Nirmin hushinda kiwandani. Basi mtaa mzima umemkalia Wagdi kooni. Mwanamume gani anaanika nguo za ndani za mkewe mchana kweupe? Walimpeleka hadi polisi. Ofisa akauliza ni sheria gani iliyovunjwa, wakarudi wamenuna.

Kiongozi wa msafara huo alikuwa Haji Bayumi, mpiga pasi wa ghorofa ya chini, ambaye duka lake linakula umeme wa wizi. Waya wake unatoka kwenye nguzo ya taa ya barabarani na kupita chini ya roshani ya Wagdi. Huo ni wizi, una kifungo, na kila mtu anaujua. Lakini Haji ni mtu wa heshima, na Wagdi ndiye kituko. Inachosha.

Ijumaa moja akaja ami wa kijana anayetaka kumposa Nirmin. Hakupanda ngazi, maana posa haiji kabla majirani hawajaulizwa, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye duka la mlangoni. Haji akamwagizia chai.

"Binti hana doa," Haji alisema kwa sauti. "Ila baba yake... tazama juu mwenyewe, bwana."

"Anaanika yeye?"

"Kila siku. Hata za mkewe."

"Lahaula."

Nirmin, anayempenda kijana yule, alinong'ona nyuma ya pazia: "Baba, ingia ndani. Nitaanika mimi."

"Na kesho ukienda kazini? Nijifiche mpaka lini?"

Akalitandaza shuka kambani. Maji yakachuruzika.

"We Ustadhi, unanilowanishia waya wangu! Unataka kuniua?" Haji akamfokea.

"Waya wa nani, Haji?"

Mgeni akaufuata waya kwa macho mpaka nguzoni, akatikisa kichwa taratibu.

"Ah, huo hata mimi ninao nyumbani," akasema.

Akamaliza chai yake, akaaga, akaenda zake bila kuitaja posa. Hakutazama juu tena.

Wagdi alishikwa na hasira hata vibanio vya nguo vikamponyoka, vikatawanyika roshanini. Nirmin akatoka na macho mekundu, mbele ya mtaa mzima, akaviokota kimoja kimoja.

"Shika, Baba," akasema. "Bado foronya."