Joka la Karani

Ruguru, taipisti wa ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, pale Siakago miaka ile ya tisini, hajamsahau karani wa masijala na joka lake. Lilikuwa kadi moja tu ya mchezo, ambayo karani aliachiwa na mwalimu Mzungu aliyerudi kwao. Lilishinda kadi zote, ila kila zamu lilitaka kulishwa kadi nyingine. Likikosa, mwenyewe ameshindwa. Kadi za kulilisha karani alizikata kwenye majalada makuukuu, akachora mbuzi, mtama na ndengu kwa wino, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kila mchana alicheza na Ruguru, na kila mchana joka lilimmalizia kadi zote.

“Mzee, si utoe hiyo joka tu?” Ruguru alimwambia.

“Nikiitoa, hizi mbuzi zote nimechora za nini?”

Wiki baada ya wiki karani akawa anapunguza mtama hapa, anaongeza mbuzi pale, akipuliza wino ukauke. Ijumaa moja Ruguru aliishiwa kadi, na karani bado ana mbuzi mmoja mkononi. Hakushangilia. Alimlaza yule mbuzi mbele ya joka taratibu, akavua miwani. “Leo imeshiba,” alisema. Ruguru, aliyeshindwa, ndiye aliyepiga makofi.