Trekta la Kukunja Kiuno

Ukimwita mume wangu kutoka nyuma, hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima kuanzia miguuni, kama kabati linalosogezwa na watu wawili. Wageni hudhani ni maringo. Mimi ninayemkanda kila asubuhi kwa maji ya moto najua kwamba shingo ile iligoma miaka sita iliyopita, na haijakubali suluhu mpaka leo.

Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini mume wangu ni mkata nyasi wa hospitali, na trekta lake la zamani lilikuwa na mashine ya kukatia kule nyuma. Anayeendesha trekta la namna hiyo hutazama mbele nusu ya kazi, na nusu nyingine hutazama nyuma aone visu vinakata nini: nyasi, bomba la maji, au kandambili za mgonjwa aliyetoka kuota jua.

"Wakijua, Mama Pacha, wataninyang'anya kiti," aliniambia mwaka ule, akaniapisha nisimwambie mtu.

Kiti chenyewe ni cha chuma, kimepasuka ubavuni, kimetandikwa mto niliomshonea mwenyewe. Amekikalia miaka ishirini na minane. Bado mitatu astaafu. Mtu mwingine angetamani kustaafu hata kesho, ila huyu wangu akikosa kazi siku mbili anaanza kunipangia sufuria jikoni. Nikanyamaza, kwa ajili yake na kwa ajili ya sufuria zangu.

Mimi ni dobi wa hospitali hiyo hiyo. Mlango wa chumba changu cha kufulia unatazama mteremko wote wa nyasi, kutoka wodi ya wazazi hadi langoni. Basi nikabuni ujanja. Nikiona nyuma ya trekta kuna hatari, nagonga karai la bati kwa fimbo ya kukorogea nguo, mara tatu. Yeye husimama, hushuka, hujifanya anakagua gurudumu, huona kilichopo, hupanda tena. Nyumbani hatukulizungumza hata siku moja. Mimi sikusema nagonga, yeye hakusema anasikia. Tukaishi hivyo miaka sita, na nyasi zikakatwa vizuri.

Mwaka huu mambo mawili yalikuja pamoja. Trekta la zamani lilikata roho, na fundi wa hospitali, tunayemwita Spana, akalivulia kofia. Wiki hiyo hiyo bibi msimamizi wa hospitali akatangaza kwamba chumba cha kufulia kinahamia jengo jipya nyuma ya jiko, lenye mashine za kukaushia. Kila mtu alinipongeza. Nilishukuru huku moyo unaniuma, maana kule nyuma ya jiko hata nikigonga karai mpaka litoboke, mteremkoni halisikiki.

Muuzaji wa matrekta akaleta mawili yajaribiwe siku moja. La kwanza lilikuwa trekta dogo la kawaida, jekundu, mashine ya kukatia ikiwa imefungwa nyuma. La pili lilikuwa fupi, limekaa chini chini, magurudumu manne sawasawa. Hilo mashine yake ilikuwa mbele, na katikati lilikuwa na kiungo, kwa hiyo likikata kona halipindi magurudumu, linakunja kiuno. Bibi msimamizi alisema mtumiaji ndiye atakayechagua, na mtumiaji alikuwa mume wangu.

Jibu lake lilijulikana tangu wiki iliyotangulia. "Trekta ni la kawaida," alikuwa akimwambia kila aliyemuuliza na ambaye hakumuuliza. "Mbele injini, katikati dereva, nyuma kazi. Hilo jingine limevunjika kiuno hata kabla ya kufika."

Asubuhi ya majaribio nilimjaribu wakati wa chai. "Baba Pacha, lile fupi mashine iko mbele. Kila kitu utakiona."

"Nimeendesha la kawaida tangu pacha hawajaota meno. Leo nirudi kutambaa?"

"Na nyuma nani atakutazamia?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Nyuma pamejitazama miaka yote," akasema, akachukua kofia yake, akatoka.

Nilikasirika kweli. Pamejitazama! Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda kazini nikafua mashuka ya wodi ya wanaume kwa hasira. Mashuka yaliyofuliwa kwa hasira hutakata kweli, kwa hiyo saa nne nilikuwa nimeanika kumi na manane, meupe pe, kwenye kamba ndefu kando ya mteremko.

Walikusanyika: bibi msimamizi, muuzaji, Spana, wauguzi wawili, na wagonjwa wenye nguvu ya kusimama. Mume wangu akapanda lile jekundu. Sitasema uongo, alipendeza. Alikata mistari minne imenyooka, Spana akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akazima visu, akainua mashine ili akavukie upande wa pili. Akapita karibu na kamba yangu. Yeye alipita salama. Mashine, ambayo ni pana kuliko trekta, ikanasa kamba kwa kona yake.

Karai lilikuwa miguuni pangu na fimbo iko mkononi. Nikaliinua karai. Kamba ilikuwa inavutika, nguzo imeanza kuinama, nilikuwa na muda wa kutosha kugonga. Lakini nikawaza: nikigonga atasimama, ataitoa kamba kimyakimya, atasema lile jekundu halina mfano, na wiki ijayo mimi niko nyuma ya jiko. Na wiki ijayo nyuma yake pengine hakuna shuka. Kuna mtu anatembelea magongo. Nikaliweka karai chini.

Nguzo ikang'oka. Mume wangu akashuka mteremko na mashuka kumi na manane nyuma yake, yakifagia majani mabichi, udongo na kila lililokuwamo. Watu wakapiga kelele: "Simama! Nyuma! Nyuma!" Yeye akadhani wanamshangilia. Akainua mkono akawapungia. Muuguzi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kucheka na kulia, na vyote viwili vilikataa kutoka.

Alisimama langoni, akashuka kama kawaida yake kukagua gurudumu, ndipo akayaona. Alipanda mteremko kwa miguu, kofia mkononi, na kadiri alivyokaribia ndivyo kicheko kilivyopungua, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuchekwa.

"Labda ni upepo," bibi msimamizi akasema kwa upole. "Upepo umeisukuma kamba, sivyo, mzee?"

Mlango wa kujitetea ulikuwa umefunguliwa wazi, angeupita tu. Nilimtazama, nikajua akiupita sitamlaumu, ila pia sitamsaidia tena.

"Hakuna upepo, mama," akasema. "Shingo yangu haigeuki. Huu mwaka wa sita. Kuendesha ninaweza. Kutazama nyuma siwezi."

Spana, anayejua kutengeneza kila kitu isipokuwa kimya, akasema, "Basi lijaribu hilo lingine, mzee wangu, tumeshalowa."

Akapanda lile fupi. Kwa mazoea akazungusha usukani kabla hajaondoka, na trekta likajikunja pale pale lilipo, likambeba pamoja na kiti kwenda pembeni. "Mama yangu! Limeteguka!" akapiga ukelele, na safari hii kila mtu alicheka, naye akiwamo. Kisha akalinyoosha, akawasha visu, akaanza. Sehemu ya mteremko ambayo siku zote alikuwa akiipita amejishikilia, lile trekta lilipita limelala chini kama paka. Kwenye uchochoro mwembamba kando ya ukuta wa wodi, pale ambapo zamani alikuwa akimaliza kwa panga, liliingia na kutoka. Na yeye alikuwa ameinamisha uso kidogo, anatazama nyasi zinavyokatika mbele ya macho yake. Nilikuwa sijamwona akitazama kazi yake kwa miaka sita.

Aliposhuka, hakulipamba. "Hili litavuta tela la taka likiwa limejaa nusu tu. Itakuwa safari mbili."

"Na vipuri vyake lazima viagizwe," Spana akadakia. "Mkanda ukikatika leo, tunasubiri mwezi."

"Kwa hiyo?" bibi msimamizi akauliza.

"Kwa hiyo mkanda wa akiba ukae stoo," mume wangu akasema, "na taka nitazipeleka safari mbili. Mimi nachagua hili, kama kiti bado ni changu."

Bibi msimamizi aliyatazama mashuka kule langoni, akalitazama trekta, akamtazama yeye. "Hamisha mto wako," akamwambia.

Alasiri nilikuwa nayafua upya yale mashuka kumi na manane. Nikamwona amesimama mlangoni, amekunja mikono ya shati. Akashika ncha moja ya shuka, mimi nikashika nyingine, tukaanza kukamua, yeye akizungusha kulia na mimi kushoto. Tulimaliza matano. La sita likiwa mkononi, akasema, "Nililitegea sikio karai mpaka langoni."

Miaka sita neno hilo lilikuwa halijatamkwa kati yetu.

"Nilikuwa nimelishika," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

"Ukaliona linalotokea?"

"Tangu kamba iliponasa."

Akaacha kukamua. Maji yalidondoka sakafuni kati yetu. Akageuka mwili mzima, kuanzia miguuni, akanitazama usoni.

"Ungeligonga," akasema, "ningelichukua lile jekundu."

"Najua."

Akatikisa mkono maji yamtoke, akaushika ule upindo wa shuka upya. "Haya, zungusha," akasema. "Bado kumi na matatu, na haya nimeyachafua mwenyewe."