Shikamoo Ulingoni

Diploma yangu ya uamuzi wa taekwondo niliisotea ughaibuni, na leo mashindano ya kimataifa nayaandaa mwenyewe. Lakini mikeka mipya ikifunguliwa, harufu yake hunirudisha utotoni Tukuyu, kwenye turubai jipya lililotandikwa juu ya majani makavu ya migomba.

Hapo ndipo dada yangu alipogombea dhahabu na mwanamke wa Malawi aliyemzidi umri. Mwamuzi akawaamuru wainamiane. Dada akachuchumaa kabisa na kumwamkia, kama tunavyosalimia wakubwa.

“Umekuja kupigana au kuposwa?” watu wakamcheka.

Mgeni naye akachuchumaa, akamwitikia kwa Kinyakyusa, lugha yetu inayosemwa pande zote mbili za mpaka.

Wakainuka. Mguu wa mgeni ukapaa, ukatua kichwani kwa dada kabla sijapepesa jicho.

“Shikamoo tena, dada mkubwa,” dada yangu alisema akiwa chini, anacheka.

Nimezunguka dunia. Teke kama lile sijaliona tena.