Kibodi Iliyokufa kwa Chai

Ofisi yetu ya pamba pale Shinyanga ilikuwa na kompyuta mbili na kibodi moja nzima. Ya pili ilikufa kwa chai ya maziwa, na aliyeimwaga chai hiyo ni mkuu wa ofisi mwenyewe, ndiyo maana hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo. Ubonyeze herufi yoyote, kimya. Lakini ilikuwa mali ya ofisi, kwa hiyo haikutupwa. Ililala kabatini ikisubiri kamati ya vifaa chakavu, kamati ambayo sikuwahi kuiona ikikaa.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi ndiye mpiga chapa niliyepelekwa kozi ya kompyuta ya wiki tatu, nikarudi natembea kwa madaha. Kazi tuliiendesha hivi: asubuhi naiwasha kompyuta ya ofisini, inaanza kuchapa, kisha nachomoa kibodi na kuifunga kwenye kitenge. Mwenzangu anaipeleka kwa baiskeli kwenye kinu cha kuchambulia pamba, ng'ambo ya reli, kuliko na kompyuta ya pili. Ya kwetu inaendelea kuchapa bila kibodi, wala haijali. Ila ikizimika tu, tumekwisha. Ikiwashwa upya inajikagua kwanza, na isipoiona kibodi inalia mara moja na kugoma.

Asubuhi moja baba yangu akatokea mlangoni na fimbo yake ya kuchungia. Nilijua kilichomleta. Kijijini kwetu kulikuwa na mwanamume mwenye ng'ombe wa kutosha, na baba alitaka niache kazi, nirudi nikaolewe. Barua zake mbili nilikuwa nimezijibu kwa maneno matamu yasiyosema ndiyo wala hapana. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na baba nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi. Kibodi ilikuwa imeshavuka reli. Printa ilikuwa inakereza majina ya wakulima, kijiji baada ya kijiji, kwa ajili ya kugawa mbegu, na lori la mbegu lilikuwa nje linasubiri orodha hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono mapajani. Baba alitazama mno.

"Mayu," akasema, kama wazee wetu wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, "kitu hiki kinajifanyia kazi chenyewe. Sasa wewe hapa unafanya nini?"

Swali lile liliniuma, maana hakuwa na nia ya kunikejeli. Alikuwa ameuliza kitu alichokiona kwa macho yake.

Umeme ukakatika. Ulirudi baada ya muda mfupi, nikaiwasha kompyuta, nayo ikalia na kugoma kama kawaida yake. Mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake, dereva wa lori naye akaingia, wote wakanisimamia kichwani.

"Kibodi iko wapi?" mkuu akauliza.

"Iko kinuni, bosi. Itarudi alasiri."

"Kinataka nini hicho?" baba akauliza kutoka kwenye benchi.

Nikamweleza: hakitaki kuandikiwa kitu, kazi yake kinaijua, na kikiamka tu kitaianza chenyewe. Kinataka tu kujua kwamba kibodi ipo.

Baba akacheka hadi akaweka fimbo chini. "Huyo ni ng'ombe aliyefiwa na ndama! Mbona nyumbani unajua tunavyofanya? Ndama akifa, tunaijaza ngozi yake majani, tunamsogezea mama yake. Akiinusa, anaachia maziwa. Hamna ndama mfu humu ndani?"

Nikamtazama mkuu wa ofisi. Mkuu akatazama kabati. Nadhani aliona aibu kidogo, lakini ufunguo aliutoa.

Nikaichomeka ile kibodi yenye harufu ya maziwa yaliyoganda, nikawasha. Kompyuta ikajikagua, ikatulia, ikapita. Printa ikaanza kukereza. Dereva akapiga makofi, na mkuu akampa baba mkono kwa mikono yake miwili.

Nilifurahi, kisha moyo ukanishuka. Baba alikuwa ameniondoa kazini bila kujua. Sasa hata mfagizi angeweza kubonyeza swichi na kwenda zake. Nikasubiri aseme hivyo.

Baba akaokota fimbo yake, akamgeukia mkuu. "Ng'ombe wa kudanganywa kwa ngozi haachwi peke yake," akasema. "Lazima akae na mtu anayemjua, siku akishtuka pasiharibike kitu. Huyu binti mwacheni hapahapa."

Alisema bila kunitazama. Nilielewa kwamba sababu ile ameitafuta, na kwamba ameitafuta kwa ajili yangu.

Jioni nikamsindikiza stendi. Akatoa tiketi kwenye mfuko wa koti, zilikuwa mbili. Akamwomba kondakta arudishe moja, kondakta akakataa.

"Basi, mzee, siti ya pili tumpe nani?"

"Haina mtu," baba akasema. "Nitanyoosha miguu."