Mkono wa Mwanapili

Msimu wa karafuu wa mwaka 1937, Mwanapili, mchambuaji karafuu wa Konde, aliteleza akaangukia lundo la makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yaliyokwisha kuoza kwa mvua. Kijiti kimoja kilimchoma mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alikichomoa, akafunga kitambaa, akarudi jamvini kuendelea na kazi.

Kidonda hakikutoa usaha. Kilianza kwa wekundu, kikageuka zambarau, kisha nyama ikawa nyeusi kama mkaa, baridi, haisikii hata ukiichoma sindano. Na weusi ule ulikuwa ukipanda. Majirani walisema ni jini. Pandu, mumewe, akamleta mganga aliyefukiza ubani na kusoma; weusi haukusimama. Mwanapili akataka apandishwe lori la kwenda hospitali ya Wete.

Daktari wa hospitali alikata kipande cha nyama, akakitazama kwa darubini. Akawaeleza kuwa ule ni ukungu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate uliolala, ingawa ni nadra sana kumwingia mtu namna hii. Umepenya kwenye mishipa ya damu na kuiziba, ndiyo maana nyama inakufa. Dawa ya kuuondoa hana. Mkono ukatwe juu ya kiwiko, na hata hivyo hawezi kuahidi kitu.

Pandu alikataa. Alisema Mungu kamuumba mkewe mzima, na atazikwa mzima.

"Baba Hija," Mwanapili alimwambia mumewe, "mie sikuja hapa kuzikwa." Akamgeukia daktari. "Kata."

Wakakata. Siku chache baadaye weusi ukachungulia tena ukingoni mwa kidonda. Daktari alikuja kumwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa mkono wa pole. Mwanapili alimwuliza kama bado pana pa kukata. Palikuwapo, karibu na bega. Safari hii ukungu haukurudi.

Msimu uliofuata, Sleiman, msimamizi wa shamba, alimwambia kwa upole akapumzike nyumbani. Mwanapili alimwitikia kwa adabu, akampita, akaketi jamvini na wenzake. Alibana kikonyo chenye karafuu kwa vidole vya mguu, akachambua kwa mkono wa kushoto, pole pole mno, karafuu zikimruka huku na huku. Sleiman alisimama akimtazama. Mwishowe akaamrisha naye apewe pishi ya kupimia karafuu zake, alipwe kama wengine. Pandu, aliyekuwa juu ya mkarafuu akichuma, akamteremshia mkewe pakacha lililojaa.